Umekamatwa na mzigo mpakani? Jiandae hivi kabla ya kikao cha kwanza na wakili wako

Kila anayeishi kwa biashara ya mipakani anamjua mtu aliyewahi kushikwa. Lori limesimamishwa, lakiri (sili) imekutwa imekatwa. Au katoni zilizoandikwa vipuri zimefunguliwa na ndani yake kuna vitenge. Au hati ya forodha inaonyesha tani 20 na mizani inasema 27. Dereva yuko kituoni, simu imechukuliwa, tajiri yuko Dar es Salaam, mwenye mzigo yuko Kigali, na wakala wa forodha hapokei simu.

Hapo ndipo neno "wakili" linapotajwa. Mara nyingi wakili anapatikana, lakini saa ile ya kwanza naye inapotea bure. Mteja anaanza kulalamika juu ya ofisa aliyemsimamisha, anasimulia habari nusu, karatasi ziko kwenye gari na gari liko yadi ya forodha. Wakili anaondoka na jina la mteja na namba ya kesi, basi. Siku mbili baadaye mtu yuko mahakamani bila mdhamini.

Makala hii inaeleza namna ya kujiandaa kwa kikao hicho, kwa dereva, kwa mwenye gari na kwa mfanyabiashara mwenye mzigo. Tumeielekeza zaidi kwenye makosa ya forodha, kwa kuwa ndiyo yanayowakuta wasomaji wetu wengi, na zaidi kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Haichukui nafasi ya wakili. Inakusaidia kumtumia vizuri.

SHERIA GANI INAKUHUSU?

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki makosa mengi ya forodha yanatokana na sheria moja: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Lakini namna ya kukamatwa, kuhojiwa, kupata dhamana na kushtakiwa hufuata sheria za nchi uliyokamatwa. Ndiyo maana kosa lile lile linaweza kukupeleka njia tofauti ukiwa Namanga upande wa Tanzania au upande wa Kenya.

Jambo hili limekuwa gumu zaidi tangu vianzishwe vituo vya pamoja vya mpakani kama Rusumo, Mutukula, Namanga, Holili na Taveta, Busia na Malaba. Jengo moja lina maofisa wa nchi mbili. Hivyo basi swali la kwanza la kujua, hata kabla ya wakili kufika, ni hili: nimekamatwa na maofisa wa nchi gani, na nitapelekwa mahakama ya nchi gani? Ukimwita wakili wa Arusha wakati kesi itasomwa Kajiado, umepoteza siku nzima.

Ukivuka Tunduma kuingia Nakonde, umetoka kwenye sheria ya Jumuiya. Zambia ina sheria yake ya forodha, na humo unahitaji wakili wa huko.

KABLA WAKILI HAJAFIKA

Mambo manne tu:

1. Toa jina lako na uraia wako. Kuhusu tukio lenyewe, sema kwa adabu kwamba utaeleza ukiwa na wakili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 49, inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, na haki ya kuwasiliana na wakili. Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka ofisa akupe onyo kwamba hulazimiki kujibu, na inakupa nafasi ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 23, nayo inatambua haki ya kuwa na wakili na ndugu yako kuarifiwa.

2. Usitie sahihi maelezo ambayo hujayasoma au hujasomewa. Kama yameandikwa kwa lugha usiyoielewa, sema hivyo, na uombe iandikwe kwamba umesema hivyo.

3. Usifute ujumbe wala picha kwenye simu, na usimwombe mtu "atengeneze" karatasi iliyokosekana. Kutoa hati ya uongo kwa forodha ni kosa peke yake chini ya kifungu cha 203 cha sheria ya Jumuiya, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 3 au faini ya dola 10,000. Wapo walioingia na kosa moja dogo, wakatoka na mawili, la pili kubwa kuliko la kwanza.

4. Angalia saa. Saa uliyosimamishwa, saa uliyofikishwa kituoni, saa uliyoanza kuhojiwa. Tutaeleza sababu yake hapo chini.

WAKILI HUYU NI WA NANI?

Hili ndilo swali ambalo watu wetu hawaliulizi, na ndilo linaloumiza wengi.

Tuchukue mfano. Lori linatoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali kupitia Rusumo, mzigo wa kupita nchi. Njiani lakiri inakutwa imechezewa na mzigo umepungua. Wanaoweza kuulizwa ni wengi: dereva, utingo, mwenye lori, wakala wa forodha aliyeutoa mzigo bandarini, na mwenye mzigo. Tajiri anatuma wakili haraka. Dereva anashukuru Mungu, anaeleza kila kitu.

Lakini tajiri anataka lori lake lisitaifishwe, na njia nyepesi ya kulitetea ni kusema dereva alifanya mwenyewe, kampuni haikujua. Dereva naye anataka aonekane alifuata maelekezo ya ofisi. Mwenye mzigo anataka ionekane kwamba mzigo uliharibiwa mikononi mwa msafirishaji. Wakala anasema aliandika alichoambiwa. Hawa wanne hawawezi kutetewa na mtu mmoja endapo hadithi zao zinagongana, hata kama wote ni watu wema na wamefanya kazi pamoja miaka kumi.

Sheria yenyewe inawafunga pamoja. Kwa mujibu wa vifungu vya 147 na 148, wakala anaweza kuwajibika kana kwamba ndiye mwenye mzigo, na mwenye mzigo anawajibika kwa tendo la wakala wake. Kifungu cha 211 kinaruhusu gari lililobeba mzigo unaostahili kutaifishwa nalo litaifishwe. Kila mmoja ana cha kupoteza, na kila mmoja ana sababu ya kumtazama mwenzake.

Kwa hiyo, dereva, wakili akifika mwulize bila aibu: "Mheshimiwa wakili, wewe unanitetea mimi au unaitetea kampuni? Nikikueleza jambo lisilompendeza tajiri, utamwambia?" Wakili mwaminifu hatakasirika. Atakujibu wazi, na akiona maslahi yenu yanagongana atakwambia utafute mwingine. Anayelipa ada anaweza kuwa tajiri, lakini mteja ni yule anayetetewa. Jambo hilo liandikwe kwenye barua ya makubaliano tangu siku ya kwanza.

Na wewe tajiri, usione vibaya kumwekea dereva wakili wake. Dereva aliyetelekezwa rumande ndiye atakayekuwa shahidi wa kwanza dhidi yako.

HAKIKISHA NI WAKILI KWELI

Kwenye vituo vya mpakani na kwenye viunga vya mahakama hakukosekani vishoka. Amevaa suti, anawajua askari kwa majina, anasema "nipe laki tatu nimalize leo". Hana leseni, na ukimpa siri zako hazina ulinzi wowote.

Uliza jina kamili, namba ya uwakili na ofisi iliko. Tanzania Bara majina ya mawakili yanaweza kuangaliwa kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili, au ukauliza Chama cha Mawakili Tanganyika. Zanzibar ina chama chake cha mawakili. Kenya uliza Chama cha Mawakili cha Kenya (LSK), Uganda kuna Chama cha Mawakili cha Uganda (ULS). Angalia kama cheti chake cha kufanya kazi ni cha mwaka huu. Kuhakiki ni kazi ya dakika kumi, na ndugu aliye nyumbani anaweza kuifanya kwa simu.

Jambo jingine: wakili mzuri wa talaka au wa mashamba si lazima ajue forodha. Mwulize kama amewahi kusimamia kesi za forodha au za mizigo ya kupita nchi.

KARATASI ZA KUPELEKA

Kama asili za hati ziko kwenye gari lililoshikiliwa, ndugu au ofisi ikusanye nakala kabla ya kikao. Tenganisha mafungu matano:

Fungu la mzigo: ankara ya manunuzi, orodha ya mzigo, hati ya shehena ya meli kama ulitoka bandarini, tamko la forodha (kwa Tanzania ndiyo TANSAD), risiti za ushuru, cheti cha asili ya bidhaa, vibali vya mamlaka nyingine kama chakula, dawa, mbegu au mazao ya misitu. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 awe na cheti chake chepesi cha asili ya bidhaa.

Fungu la gari: kadi ya gari, leseni ya usafirishaji, bima ikiwemo ile ya kuvuka mipaka, kibali cha kubeba mizigo ya forodha, tiketi za mizani zote za safari hiyo.

Fungu la safari: maelekezo ya ofisi kwa dereva, karatasi ya safari, risiti za mafuta, risiti za kulala, namba za lakiri zilizofungwa na mahali zilipofungwa, kumbukumbu za kifaa cha kufuatilia gari. Risiti ya mafuta ya Singida yenye tarehe na saa inaweza kuwa na uzito kuliko maneno elfu.

Fungu la kukamatwa: hati ya kukamata mali, orodha ya vitu vilivyochukuliwa, nakala ya maelezo uliyotia sahihi, namba ya jalada, jina na cheo cha ofisa, hati ya mashtaka kama imeshatoka.

Fungu la dhamana: tutalieleza peke yake.

Kwa nini karatasi zina uzito hivi? Katika kesi nyingi za jinai upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuthibitisha. Lakini kifungu cha 223 cha sheria ya forodha ya Jumuiya kinaweka baadhi ya mzigo huo kwako: wewe ndiye wa kuonyesha kwamba ushuru ulilipwa au kwamba bidhaa ziliingia kihalali. Pia kifungu cha 200 kinamgusa anayekutwa na bidhaa zisizolipiwa ushuru ambaye alijua, au alipaswa kujua, hali yake. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini ya nusu ya thamani ya bidhaa inayotozwa ushuru. Mama aliyenunua marobota sokoni bila risiti anaweza kuwa hakujua lolote. Wakili atamwuliza: ulinunua kwa nani, kwa bei gani, na bei ya kawaida ilikuwa ngapi? Majibu hayo yaandaliwe mapema.

ANDIKA SAFARI SAA KWA SAA

Kabla ya kikao, au ukiwa ndani ukapata karatasi, andika matukio kwa mpangilio. Usianze na kukamatwa. Anza ulipopewa kazi: nani alikupigia, alisema nini, ulipakia wapi, nani alishuhudia upakiaji, lakiri ilifungwa mbele ya nani, ulisimama wapi, ulilala wapi, nani alipanda gari, nani alilinda gari ukilala. Kisha kusimamishwa: nani, wapi, walisema nini, walifungua nini, wewe ulijibu nini. Andika hata usiyoyapenda.

Juu ya karatasi andika "Kwa ajili ya wakili wangu" na umpe yeye mkononi. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la madereva. Simu ikichukuliwa, kila kilichomo kinaweza kusomwa.

Jihadhari na saa. Sisi tunasema saa nane usiku, kifaa cha gari kinaandika 02:00, na askari anaweza kuandika vyote viwili. Tena Rwanda, Burundi na Zambia ziko nyuma kwa saa moja ukilinganisha na Tanzania, Kenya na Uganda. Dereva aliyetoka Rusumo upande wa Rwanda saa 4 asubuhi kwa saa ya kule, upande wa Tanzania ni saa 5. Tofauti hiyo ikiachwa bila maelezo, mwendesha mashtaka atasema kuna saa moja nzima gari halijulikani lilikuwa wapi.

Saa zina kazi nyingine pia. Tanzania, muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa 4, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu kwa muda usiozidi saa 8. Muda wa kusafirishwa kutoka porini hadi kituoni hauhesabiwi. Mahakama zimewahi kukataa maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda huo. Aidha, Kenya mtu anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama muda huo umeishia nje ya saa za mahakama. Tanzania kanuni ya jumla ni saa 24. Uganda ni saa 48. Wakili hawezi kuyatumia haya kama hujui ulishikwa saa ngapi.

MWELEZE UKWELI WOTE

Watu wengi humwambia wakili hadithi ile ile waliyomwambia askari, wakiogopa kwamba akijua ukweli hatawatetea. Hilo ni kosa kubwa. Mazungumzo yako na wakili wako juu ya jambo lililokwisha kutokea yanalindwa na sheria za ushahidi, Kenya na Tanzania. Hawezi kulazimishwa kuyatoa bila ridhaa yako. Kinga hiyo haifuniki mipango ya kutenda kosa jipya, kwa mfano kumwomba akusaidie kutafuta ankara ya kughushi.

Kama ulipokea shilingi elfu hamsini ili upakie magunia matatu ya mtu njiani, mwambie. Kama ulipita njia ya panya kwa sababu geti lilikuwa limefungwa, mwambie. Kama umewahi kushtakiwa zamani, mwambie. Wakili akiyajua leo anaweza kupanga utetezi, au akakushauri kukiri kosa dogo, au akazungumza na upande wa mashtaka. Tangu mwaka 2019 sheria za Tanzania zinaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka. Akiyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa shahidi mahakamani, ameshakatwa miguu.

Ni vizuri kikao kiwe cha wewe na wakili peke yenu. Ndugu na tajiri wasubiri nje. Askari anaweza kukuona, lakini omba asiwe mahali pa kusikia.

MASWALI YA KUMWULIZA WAKILI

Andika maswali yako, maana ukiwa na hofu utayasahau:

- Ninatuhumiwa kosa gani hasa, chini ya kifungu kipi, na adhabu yake ya juu ni ipi?
- Kosa hili lina dhamana? Ya polisi au mpaka mahakamani? Mahakama ipi?
- Kuna hatari mashtaka yakabadilika? Tanzania, shitaka la forodha likiunganishwa na utakatishaji fedha au uhujumu uchumi, suala la dhamana hubadilika kabisa.
- Nitoe maelezo au ninyamaze?
- Gari na mzigo vinafanyiwa nini, na tarehe ya mwisho ya kudai ni lini?
- Je, ni jambo la kumaliza kwa Kamishna au la kwenda mahakamani?
- Nani atasimama siku ya kesi, wewe mwenyewe au mwenzako wa ofisini?
- Ndugu zangu waongee na nani, na wasiongee nini?

Jihadhari na wakili anayekuhakikishia ushindi, au anayekuomba fedha "za kumpoza mtu". Rushwa ni kosa jipya, na wewe ndiye utakayeambiwa uliitoa.

TAREHE ZISIZOSUBIRI

Watu hushughulika na mtu aliye ndani wakasahau mali iliyo yadi. Dereva akiachiwa bila kushtakiwa, furaha inakuwa kubwa, wanakula pilau, wanasema yameisha. Hayajaisha.

Kifungu cha 214 kinaeleza hivi: mali ikikamatwa bila mwenyewe kuwepo, ofisa anatakiwa kumpa mwenye mali taarifa ya maandishi yenye sababu ndani ya mwezi mmoja. Kama yupo anayeshtakiwa, mali inashikiliwa hadi mwezi mmoja baada ya kesi kumalizika. Lakini kama hakuna anayeshtakiwa, mali inashikiliwa mwezi mmoja tangu kukamatwa au tangu taarifa, na kama hakuna aliyeidai kwa wakati huo, inahesabiwa kuwa imetaifishwa. Yaani kuachiwa kwa dereva ndiko kunakoanza kuliweka lori hatarini! Lori la mkopo wa benki linaweza kupotea kwa sababu tu hakuna aliyeandika barua.

Hivyo basi, kwenye kikao cha kwanza mpe wakili tarehe ya kukamatwa kwa mali na tarehe uliyopokea taarifa, na mwulize barua ya madai itapelekwa lini na nakala yake iliyogongwa muhuri wa mapokezi utaipata lini. Kama mzigo ni nyanya, samaki au maziwa, mwambie siku hiyo hiyo, kwa maana mali inayooza haingojei kalenda ya mahakama.

"KUBALI, LIPA, UENDE"

Mara nyingi utaambiwa kuna njia fupi: ukiri kwa maandishi, ulipe, ukachukue gari lako. Njia hiyo ipo kisheria, kifungu cha 219, na kwa wengi ni ya busara. Kamishna anaweza kumaliza kosa bila kwenda mahakamani, kwa kiasi kisichozidi faini iliyowekwa na sheria, na baada ya hapo hushtakiwi tena kwa kosa hilo isipokuwa kwa ridhaa ya mkurugenzi wa mashtaka.

Lakini soma masharti kabla ya kushika kalamu. Ni lazima ukiri kwa maandishi kwamba ulitenda kosa. Uamuzi huo hauna rufaa. Na kwa wakala au msafirishaji, kukiri kunaweza kuja kuulizwa siku ya kuhuisha leseni. Mwulize wakili: nikikiri, mzigo unarudi au unabaki? Gari linaachiwa siku gani? Faini inalipwa wapi? Malipo halali yana namba ya malipo na risiti ya serikali. Anayekutaka fedha mkononi hamalizi kosa lako, anaanzisha jingine.

DHAMANA IANDALIWE MAPEMA

Wengi wanalala rumande si kwa sababu wamenyimwa dhamana, bali kwa sababu wadhamini wamekuja mikono mitupu. Kabla ya siku ya mahakama, ndugu waandae wadhamini wenye anwani inayojulikana, vitambulisho vya taifa, barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji (Kenya, chifu), na hati ya mali kama itatakiwa. Mpe wakili majina yao na namba zao kwenye kikao cha kwanza.

Kwa mgeni ni vigumu zaidi, kwa kuwa mahakama inaogopa atavuka mpaka asirudi. Utahitaji mdhamini mkazi wa nchi hiyo, na huenda ukatakiwa kuacha pasipoti. Vyama vya madereva na vya wafanyabiashara vingefanya jambo jema kuweka orodha ya watu wanaoaminika katika kila mpaka kabla shida haijabisha hodi.

UKIWA NCHI YA WATU

Uliza lugha ya mahakama. Kenya ni Kiingereza na Kiswahili, na katiba inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021. Uganda kesi huendeshwa kwa Kiingereza, hivyo Mtanzania aombe mkalimani mapema, na wakili ajue hilo tangu mwanzo.

Aidha, chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 juu ya huduma za kibalozi, mgeni aliyekamatwa anaweza kuomba ubalozi wake uarifiwe. Ubalozi haulipi faini wala haumtoi mtu ndani, lakini unaweza kukutembelea, kuwaarifu ndugu na kukuelekeza kwa mawakili.

ADA

Zungumza fedha kabla ya kuachana. Ada ni ya hatua gani: kituoni tu, dhamana, au kesi nzima? Nauli ya kwenda mpakani iko ndani au nje? Omba barua ya makubaliano na risiti. Kama huna uwezo, mwambie. Kenya ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, na Tanzania Bara ina yake ya mwaka 2017. Uliza mahakamani au ustawi wa jamii namna ya kuwafikia watoa msaada.

CHAPISHA, WEKA KWENYE GARI

1. Nchi gani imenikamata, saa ngapi?
2. Jina langu nasema, mengine na wakili.
3. Sitii sahihi nisichokielewa. Sifuti kitu. Sitengenezi karatasi.
4. Wakili ni wa nani, na ana leseni?
5. Mafungu matano ya karatasi.
6. Safari imeandikwa saa kwa saa.
7. Ukweli wote kwa wakili, peke yetu.
8. Tarehe ya kudai gari na mzigo.
9. Wadhamini wameshapatikana?

Tajiri, weka kwenye kila gari namba mbili za mawakili uliowahakiki, mmoja kila upande wa mpaka. Na dereva, kabla hujawasha gari piga picha lakiri, namba yake isomeke, tarehe na saa zionekane, uitume ofisini. Kazi ya dakika moja, na siku ya siku ndiyo picha ya kwanza ambayo wakili atakuomba.